Kituo cha Kupima Pepo

Banissa, Kaunti ya Mandera
Jumapili, baada ya Alasiri

Kwako Baba, mwalimu wangu wa kwanza,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Itikia marahaba kwanza ndipo uchukue kalamu nyekundu, maana najua imeshatoka mfukoni. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Yale mafuta niliyotuma yanakusaidia, au Mama ameyafanya yake? Na masikio je? Dada Rukia ananiambia siku hizi adhana huisikii, ukiona jirani anavaa kofia ndipo unapojua saa imefika. Nilicheka, kisha nikalia kidogo. Usimwambie Rukia kwamba nililia.

Mimi ni mzima wa mwili. Nimekuwa mweusi kwa jua na mwekundu kwa vumbi, hata Mama akiniona leo atauliza huyu ni mtoto wa nani. Chakula kipo, maji yanaletwa na lori, na watu wa huku hawajanivunjia heshima hata siku moja.

Nimeandika barua kwa sababu simu imetushinda sote wawili. Mara ya mwisho nilikuuliza habari ya goti, ukanijibu kwamba nazi zimepanda bei. Nikapaza sauti hadi mbuzi wa watu wakatawanyika. Basi karatasi hii nampa dereva wa basi mpaka Garissa, na pale Garissa mwenzake ataipandisha gari la Malindi, ifike Mambrui na mikunjo yake. Isome peke yako kwanza. Kuna kosa nimelifanya huku, wala si la herufi, na nimeona bora ulisikie kwangu.

Katika barua yako uliuliza, upepo hauna mwenyewe, sasa unapimwa wa nini? Nikueleze. Unaikumbuka ile mitambo ya Ngong tuliyoiona siku ya mahafali yangu, yenye mapanga matatu kama pangaboi la msikitini? Marsabit wamesimamisha mingi zaidi, na kila mwaka nchi inazidi kuukimbilia upepo. Lakini huwezi kuleta mapanga makubwa namna ile mahali ukasema hapa panavuma, nimehisi usoni. Lazima mtu akae hapo mwaka mzima na kupima. Umeme wa hapa ni wa jenereta, na dizeli ikichelewa njiani watu husubiri. Kwa hiyo kampuni imesimamisha mlingoti mwembamba wa chuma nje ya mji, urefu wa minazi minne iliyopandana, umeshikwa na kamba za chuma kila upande. Una vikombe vinavyozunguka, vingine chini, vingine kati, vingine juu, vingine juu kabisa. Vyote vinapeleka habari kwenye kisanduku kilichofungwa chini ya mlingoti. Mwanao ndiye mlinzi wa kisanduku. Kikikosa siku, mwaka mzima umeharibika.

Ninaishi kwenye kontena kando ya uzio. Mwenzangu ni Mzee Adan, bawabu, aliyechunga ngamia maisha yake yote na sasa anachunga chuma. Tunaelewana sana, ila Kiswahili chake kinakwisha mapema. Tukimaliza salamu, tukaulizana mbuzi na mvua, tumemaliza. Sokoni ni hivyo hivyo. Watu ni wakarimu, wananiamkia, wananipunguzia bei, kisha wanarudi kwenye Kisomali chao na mimi nabaki nimesimama na nyanya zangu.

Kilichonishinda ni upweke, Baba, sioni haya kukuambia. Nilidhani kwa kuwa ni Waislamu wenzangu nitakuwa kama nyumbani. Siku ya Idi nilisali nao, wanawake wakanikumbatia mmoja mmoja hadi nguo yangu ikanuka udi wa watu ishirini. Kisha kila mmoja akaenda kwake. Nilirudi kwenye kontena nikala wali peke yangu, nimevaa nguo mpya. Kuna siku niliwakuta mbuzi wamesimama kwenye uzio nikawafundisha ngeli, ya A-WA mpaka ya PA-KU-MU. Walikuwa wasikivu kuliko darasa lako la saba.

Sasa, habari ya kibao. Kampuni iliniagiza niandike kibao cha kuweka langoni, watu wajue hapa pana kazi gani wasifunge wanyama kwenye kamba zetu. Wakataka kiwe cha Kiswahili. Nilifurahi kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Nikanunua rangi ya buluu, nikakaa na kufikiri. Chuma chetu hakipimi upepo mmoja, kinapima wa chini, wa kati, wa juu na wa juu kabisa. Ni wingi. Ufunguo, funguo. Ulimi, ndimi. Nikaandika kwa herufi kubwa, KITUO CHA KUPIMA PEPO, nikarudi nyuma hatua kumi nikajisifu, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kunisifu.

Najua sasa hivi umeshika kichwa. Hata kwetu Mambrui, mtu akisema ana pepo hakuna anayemfungulia dirisha. Sarufi ilikuwa sahihi kabisa. Akili ndiyo haikuwepo.

Siku ya nne baada ya kibao wakaja mama na binti yake. Mama anaitwa Halima, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha. Aliwahi kuuza sukari na majani ya chai miaka mitatu kule Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake. Binti anaitwa Nasteho, ana kama miaka kumi na saba, mpole, macho yake yako chini. Halima alikitazama kibao, akautazama mlingoti mpaka juu, akaniuliza:

"Abaayo, hii ndio inabima bebo?"

Abaayo ni dada, ndivyo wanavyoniita. Na kwa watu wa huku p huwa b na v huwa f, hilo nilikwisha kulizoea. Nikamjibu kwa furaha, ndiyo, inapima pepo, karibuni.

"Leo iko?"

"Zipo," nikasema, nikafungua kisanduku kusoma kasi, mita kwa kila sekunde. "Leo ni sita."

"Sita ni baya?"

"La, sita si mbaya. Ikifika kumi na tatu ndiyo utaiogopa." Nilikuwa nawaza namna kontena langu linavyotetemeka.

"Alhamdulillahi," akasema Halima, akamtazama binti yake. Akamwambia kitu, na Nasteho akaja kuweka kiganja chake juu ya kile chuma, akakiacha hapo kwa muda. Nilidhani amechoka kusimama.

Wakawa wanakuja kila siku baada ya Alasiri, na chombo cha maziwa ya ngamia. Nasoma namba kwa sauti, naiandika kwenye daftari, kisha tunakaa kwenye kivuli cha kontena. Ikipungua Halima anamshukuru Mungu. Ikiongezeka ananyamaza. Nikasema moyoni, watu hawa hawapendi vumbi. Basi tukazungumza! Halima alinieleza Dagahaley yote, nani alimdhulumu na nani alimwogopa. Aliniuliza umri wangu, akashtuka. "Thelathini na moja! Baba yako nangoja ngamia ngabi?" Nikamwambia kwetu hatutoi ngamia. Akanihurumia sana. Nasteho alisoma mpaka darasa la saba akaacha, sikumuuliza kwa nini. Alinifundisha kuhesabu Kisomali, kow, laba, saddex, na nikikosea anacheka na kuficha mdomo kwa mtandio.

Juma moja lilipopita, Mzee Adan akanijia asubuhi, uso umekunjana.

"Abaayo, wewe iko hatari. Watu nasema wewe nabima majini."

"Majini gani?"

"Ya mtoto ya Halima. Ile mtoto naanguka. Nagonga chini, natoa bofu kwa mdomo. Wewe kila siku nasoma jini yake iko ngabi."

Kwanza nilicheka. Kisha nikageuka nikakitazama kibao changu, buluu juu ya nyeupe, na kicheko kikanikauka. Mtoto anaanguka, anatoa povu. Baba, nilijua pale pale ni nini. Ni kifafa. Si unamjua mtoto wa Bi Salma jirani yetu? Anakunywa vidonge vyake kila siku na anaendesha baiskeli mpaka Malindi. Nilijua dawa ipo, na ipo hospitali, siyo kwenye kisanduku changu.

Nikapanga maneno ya kumwambia Halima siku hiyo hiyo. Wakaja. Halima alikuwa ameleta anjera yenye samli na sukari, na kabla sijafungua mdomo akaniambia nywele zangu ni aibu kwa wanawake wote wa Banissa, akanikalisha chini akaanza kunisuka. Tangu nitoke nyumbani hapakuwa na mkono wa mtu uliokuwa umegusa kichwa changu. Nikanyamaza. Nikasema, kesho. Kesho ilipofika nikasema, Ijumaa. Nilijua nikisema tu, kivuli cha kontena kitabaki changu peke yangu.

Nilinyamaza siku kumi na nne. Nilijipa moyo kwamba sijasema uongo, maana namba ni ya kweli, na walichokielewa wao ni juu yao. Wewe ulitufundisha kwamba ukweli nusu ni uongo uliovaa kanzu. Nilikuwa nimeivaa, na ilinikaa vizuri.

Kisha ikaja Jumanne wasifike. Niliandaa chai nikaimwaga. Jumatano asubuhi Mzee Adan akaja mbio, yeye ambaye hakimbii hata mvua ikimnyeshea. "Mtoto naangukia moto," akasema. Nikachukua gari la kazi, yeye akanionyesha njia ya kwao, mbali zaidi na mji.

Nilimkuta Nasteho amelala kwenye mkeka, mkono wa kulia umeungua kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Walikuwa wamempaka samli. Hakuwa akilia. Tukampandisha garini, mimi nikiendesha na Halima amemshika nyuma, mpaka hospitali ya mjini.

Daktari ni kijana wa Wajir, mpole. Alianza na Kisomali, aliponiona akageuza Kiswahili, kwa heshima tu. Alipokwisha kumsafisha mkono akauliza, huyu anaanguka tangu lini?

"Tangu mwaka jana," akasema Halima.

"Mbona hamkumleta?"

"Nilikuwa nakuja. Nilitafuta gari, nikabata. Halafu tukasikia hii chuma. Nikasema, kwa nini natesa mtoto na njia? Kila siku nabimwa. Huyu abaayo nasoma fizuri."

Daktari akanitazama. Nasteho naye akanitazama. Nikasema mashine yangu haipimi mtu. Inapima upepo, huu unaovuma nje. Nikaongeza neno lao la upepo, dabayl, ili lisibaki shaka.

Halima akanigeukia.

"Wewe ilijua sisi nafikiri nini?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu juma la kwanza."

Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Alijitengeneza mtandio kichwani, akamgeukia daktari, wakaendelea kwa Kisomali. Nilikaa kwenye benchi nje kama mtu aliyekuja kuuza kitu ambacho hakinunuliwi. Daktari aliniambia baadaye kwamba ni kifafa kweli, kwamba kuna vidonge vya kila siku na lazima vichukuliwe kila mwezi bila kukosa. Niliwarudisha kwao.

Siku ya pili yake nilifuta kibao nikaandika, KITUO CHA KUPIMA UPEPO. Umoja, Baba, na wingi wake ukae hukohuko vitabuni. Mzee Adan aliniuliza ninabadilisha nini, nikamweleza. Akafikiri. "Hii ni fizuri," akasema, "lakini ile ilileta watu."

Ni kweli. Miezi miwili mizima, mpaka jana, hakuna aliyefika langoni. Nilimtuma Mzee Adan apeleke sukari, sukari ikarudi. Nikikutana na Halima sokoni namtolea salamu, anaitikia yote mpaka mwisho, kwa sababu salamu ni haki ya Mungu, kisha anapita. Chai napika kikombe kimoja. Upepo unapiga zile kamba mchana kutwa, na ukiusikiliza sana unadhani kuna watu wanaongea upande wa pili wa kontena. Mara mbili nimetoka kuangalia.

Kazi yenyewe inakwenda vizuri, hilo ndilo linaloniudhi. Namba ni nzuri. Kampuni wamefurahi, wanasema huenda mitambo ikaja kweli, na hospitali na visima vikapata umeme usiongoja lori. Wameniomba nibaki mwaka wa pili. Wewe ulitaka nirudi kabla ya Ramadhani, Mama ameshanitafutia na mchumba, na kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo.

Jana baada ya Alasiri, Nasteho akaja. Peke yake. Sikuwahi kumwona akitembea peke yake, mama yake hakuthubutu kumwachia. Alisimama nje ya lango, mkono umepona lakini ngozi imevutana, vidole viwili havinyooki.

Nikamkaribisha ndani. Akatikisa kichwa.

"Hooyo amesema nikuje lakini nisikae."

Hooyo ni mama. Nikamuuliza anaendeleaje. Akasema tangu aanze vidonge hajaanguka hata mara moja. Nikasema alhamdulillahi, na machozi yakanitoka pale pale langoni, sikuyaficha. Nikamwambia anisamehe. Hakusema ndiyo wala hapana. Akasema:

"Mimi nakumbuka zote."

"Zote nini?"

"Namba. Siku ya kwanza sita. Halafu nane. Halafu saba. Ile siku ulisema kumi na tatu, mimi nilishika nguo ya hooyo, sikulala."

Nilikuwa nikisoma zile namba na anjera mdomoni, Baba.

"Halafu ile Jumatatu," akasema, "ulisema mbili."

Sikukumbuka. Namba ni nyingi.

"Mbili ni kidogo kushinda zote. Nilifurahi sana. Mwaka mzima hooyo alikuwa anakataza mimi moto. Nikamwambia, hooyo, iko mbili tu, kesho acha mimi nabika. Na yeye akakubali. Kwa sababu ya mbili."

Hakuwa akinilaumu. Alikuwa anaeleza, kama mtu anayetaka hesabu itoke sawa. Nilikwenda ndani nikaleta daftari, nikafungua ile Jumatatu. Ni kweli. Mbili. Na pembeni, kwa mwandiko ule mzuri ulionifundisha, nilikuwa nimeandika neno moja, shwari.

Nilimwonyesha. Akalisoma kwa sauti, polepole, akarudisha daftari. Kisha akainua uso kule juu kwenye vikombe, vilikuwa vinakwenda mbio, na mtandio wake ukawa unampiga mgongoni.

"Na leo?"

Nikafungua kisanduku. "Tisa."

"Tisa ni ya ubebo," akasema. "Si yangu."

Akaniaga kwa salamu, akaenda zake. Nilisimama langoni nikamtazama mpaka akaingia nyuma ya migunga, na hakuyumba hata hatua moja.

Leo asubuhi nimewajibu kampuni kwamba nabaki. Vidonge huisha kila mwezi, mji uko mbali na kwao kwa miguu, na gari la karibu ni hili langu. Halima hajaniomba, wala sitegemei ataniomba. Mwezi uliopita nilivichukua hospitali nikaviacha kwa Mzee Adan, naye akavifikisha, na vile havikurudi. Mwambie Mama asikasirike sana, na huyo mchumba kama ana haraka aende zake kwa amani.

Nisalimie Mama, umwambie nakula, asiulize ninakula na nani. Nisalimie Dada Rukia na shemeji. Nisalimie Shangazi Zuhura, mpishi wa mahamri, na umwambie huku nimeyaota. Ami Shee wa madrasa mpe mkono wangu. Bi Salma jirani mpe salamu za pekee, na yule mwanawe wa baiskeli mwambie asikose vidonge vyake hata siku moja, nimesema mimi.

Nawe uniombee dua. Lakini ukinijibu, Baba, tafadhali usiniandikie kwamba sikukusudia. Najua sikukusudia. Tisa si ya Nasteho, amesema mwenyewe na amesema kweli. Ile mbili ni yangu.

Ni mimi mwanao,
Mwanaisha